Mjusi Mwezini

Jamani, leo nimeaibika, na nimeaibika kitaalamu. Si aibu ya mtu asiyejua. Ni aibu ya mtu anayejua, aliyesimama mbele ya majirani kumi na wanne akieleza kila hatua kwa utaratibu, ili hata aliye nyuma asipitwe na kitu.

Niwasimulie tangu mwanzo. Mnanijua, siwezi kuanzia katikati.

Jengo letu liko mtaa wa Kileleshwa. Lina ghorofa saba, na juu kabisa kuna paa tambarare, pana, ambalo halitumiwi na mtu yeyote. Mlango wake una kufuli. Kufuli hilo liliwekwa na mwenyekiti wa wapangaji, Mzee Njoroge, baada ya mtu fulani kuchoma nyama huko juu Jumapili moja na moshi kuingia sebuleni kwake akiwa anafuatilia ibada kwenye runinga. Tangu siku hiyo watoto wanacheza katikati ya magari, na nguo zinaanikwa kwenye vibaraza. Kibaraza cha ghorofa ya pili hakijaona jua tangu jengo jipya lisimame upande wetu wa mashariki. Auntie Dorcas, anayefanya kazi kwa familia ya ghorofa hiyo, huanika sare za shule Jumamosi, akazianua Jumanne, na bado akazimalizia kwa pasi.

Mimi nina kamera. (Wanaume wengine wa jengo letu wana magari. Mimi nina lenzi ndefu.) Majuma matatu yaliyopita niliandika kwenye grupu la wapangaji kwamba ningependa kutoa somo la bure juu ya paa: namna ya kupiga picha za mwezi. Mzee Njoroge alijibu baada ya siku tatu. "Ombi limepokelewa." Siku ya nne akaongeza masharti. Tutapewa jioni moja ya majaribio. Akiona ni jambo la watu wenye akili, kufuli linatoka na paa ni la wote. Akiona ni upuzi, kufuli linabaki, na asiulizwe tena mpaka uchaguzi wa kamati.

(Uchaguzi wa kamati yetu haujawahi kufanyika. Mzee Njoroge ni mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyefungua grupu.)

Kwa hivyo paa lote likawa mabegani mwangu. Auntie Dorcas alinikuta kwenye ngazi akanishika mkono wa shati.

"Baba Neema, usituangushe. Mimi hiyo mwezi sina haja nayo. Mimi nataka mahali pa kufunga kamba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimepiga picha za mwezi miaka sita.

Somo lilipangwa liwe jana, na nilikuwa na sababu. Jana mwezi ulikuwa mpevu, yaani duara kamili, na mwezi mpevu huchomoza wakati jua linatua. Hapo anga bado lina mwanga kidogo, majengo yanaonekana, na mwezi hauwi kitu cheupe kinachoelea kwenye giza tupu. Niliwaandikia wote: utachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, tukutane robo saa kabla.

Saa kumi na moja jioni mwenyekiti akatuma ujumbe. "Nimebanwa Westlands, magari hayasongi. Tusogeze hadi kesho, saa ile ile."

Watu wakaweka vidole gumba. Nami nikaweka kidole gumba. Nilikuwa nakata vitunguu, wala sikufikiri.

Leo basi nikapanda. Nilibeba kamera, lenzi, stendi ya miguu mitatu, na runinga yetu ya sebuleni. Runinga lilikuwa wazo langu mwenyewe: niiunganishe na kamera ili kila mtu aone kile lenzi inachoona, badala ya kupokezana kuchungulia. Mke wangu, Mama Neema, alinisaidia kuibeba ghorofa ya mwisho. "Hii TV ikipata mkwaruzo," akasema, "utahamia huku juu na huo mwezi wako."

Saa kumi na mbili na robo majirani walikuwa wamefika, na masweta yao na vikombe vyao vya chai. Mzee Njoroge alikuja wa mwisho, kavaa koti refu la vifungo, mkononi ameshika simu mpya aliyonunuliwa na bintiye. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake.

Nikaanza. Na niseme ukweli, nilianza vizuri.

"Kosa kubwa la watu," nikasema, "ni kudhani mwezi ni kitu cha usiku. Sisi ndio tuko usiku. Mwezi wenyewe unapigwa na jua, kama uwanja wa mpira saa sita mchana. Kwa hivyo upige kama unavyopiga picha ya mchana. Punguza mwanga unaoingia kwenye kamera. Ile namba ya ISO, ya kuongeza mwanga, iweke chini kabisa, na lenzi ifunguke na kujifunga upesi."

"Nisipopunguza?" akauliza Otieno, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya tano, ambaye huja kwenye kila mkutano ili asikose kicheko.

"Utapata chapati nyeupe."

Watu wakacheka, wakaandika. Kwa wenye simu nikaeleza: gusa mwezi kwa kidole kwenye kioo, kisha vuta mwanga uende chini, chini zaidi ya unavyodhani, mpaka uone madoa yake. Egemeza viwiko ukutani. Weka simu ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, kwa sababu hata kile kidole cha kubonyeza kinatikisa picha. Auntie Dorcas alikuwa mbele kabisa, amesimama wima kama yuko gwaride, akirudia maneno yangu kwa midomo bila sauti.

"Na jambo la mwisho," nikasema. "Mwezi unatembea. Kila dakika mbili unasogea upana wake mzima. Ukiona umekaa vizuri kando ya jengo, piga. Usianze kutafuta miwani."

"Mimi simu yangu inajua mwezi," akasema Mzee Njoroge. "Haihitaji kufundishwa."

Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Mashariki hapakuwa na kitu ila ukungu wa baridi na lile jengo jipya. Dakika tano zikapita. Kumi. Vikombe vikaanza kuwa vitupu.

"Mwalimu," akasema Otieno, "kwani mwezi umekwama Thika Road?"

Nikacheka kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti akatazama saa yake, akautia ufunguo mfukoni. Auntie Dorcas aliuona ukiingia mfukoni, kisha akanitazama mimi. Mtu akikutazama hivyo, utauleta mwezi hata kama haupo.

Na ndipo nilipouona. Kati ya tawi la mti wa kiwanja cha jirani na pembe ya lile jengo jipya, ndani ya ukungu, palikuwa na duara jeupe, la upole, ambalo naapa halikuwapo muda mfupi uliopita.

"Ule pale," nikasema. "Tulieni. Msikimbilie kubonyeza. Tulieni kwanza."

Hawakutulia. Simu zote zikainuliwa. Nami nikageuza lenzi. Kwenye runinga likatokea donge jeupe la pamba lisilo na kingo. Lenzi nilikuwa nimeiweka ilenge mbali kabisa, kama inavyotakiwa kwa mwezi, kwa hivyo nikawaeleza kwamba weupe ule wa pamba unasababishwa na ukungu. (Maelezo hayajawahi kunipungukia.)

"Yangu iko wazi," akasema Mzee Njoroge.

Tukamzunguka. Picha yake ilikuwa na mwezi wa kupendeza, wenye mashimo na madoa yote. Hapa niwaeleze kitu kwa faida yenu. Baadhi ya hizi simu mpya zimefunzwa sura ya mwezi. Zikiona duara jeupe gizani, zinajaza madoa zenyewe, kama mwanafunzi aliyekariri majibu kabla ya kusoma swali. Nilijua hivyo. Lakini wakati ule niliona inatusaidia, nikanyamaza.

Mwenyekiti aliituma kwenye grupu palepale. "Mwezi kama unavyoonekana kutoka kwenye paa letu. Kamati kazini." Waliobaki chini wakaanza kumpongeza. Akarudisha simu mfukoni, na mkono ulipotoka ulitoka na ufunguo.

"Baba Neema, hapa umefanya kazi," akasema. "Sikutegemea."

Auntie Dorcas alikuwa ameshaanza kukagua ukuta, akitafuta misumari. Ningefunga somo hapo ningekuwa mtu wa heshima hadi sasa. Lakini mwanafunzi mzuri ni hatari. Alirudi kwenye nafasi yake, akaegemeza viwiko, akautazama mwezi kwa muda, kisha akaniita.

"Mwalimu. Si ulisema unatembea kila dakika mbili?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeangalia saa. Dakika kumi na mbili. Huu umekaa tu hapo hapo kwa tawi."

"Ukiwa chini karibu na upeo," nikasema, "macho hudanganya."

Huo ulikuwa uongo. Sijui niliutoa wapi, lakini ulitoka umevaa suti.

Kabla hajajibu, stima zikapotea kwenye jengo jipya. Laini yetu ya umeme ilibaki; jengo lao likawa giza kuanzia chini hadi juu. Na mwezi ukazimika.

Simu zote zikashuka.

"Wingu," nikasema.

"Wingu gani hilo lina swichi?" akauliza Otieno.

Jenereta la jengo lile likakohoa, likakohoa tena, likashika. Taa zikarudi ghorofa baada ya ghorofa. Mwisho kabisa, mwezi nao ukapepesa mara mbili, ukawaka.

"Mwezi iko na jenereta," akasema Auntie Dorcas. Hakuwa anadhihaki. Alisema kama mtu anayeandika kwenye daftari.

Mtu mwenye busara angeomba radhi, akakunja waya, akashuka. Mimi ni mwalimu. Kwenye moyo wa mwalimu kuna sauti inayosema kwamba watu hawajaelewa kwa sababu hujaeleza vya kutosha.

"Tuondoe shaka kwa njia ya kitaalamu," nikasema. "Njooni wote mbele ya runinga. Sasa nitalenga kwa mkono, polepole. Msinitazame mimi, tazameni kingo za mwezi."

Nikazungusha pete ya lenzi. Donge likaanza kupungua. "Mnaona?" nikasema. Kingo zikakaza. "Mnaona linavyojikusanya? Hii ndiyo tofauti ya mtu na simu." Nikazungusha tena, unywele mmoja tu. Duara likawa safi. Upande wa kushoto likapata skrubu. Chini likapata waya mweusi, umebanwa ukutani kwa kibanio. Na katikati ya duara, tumbo kwenye kioo, vidole vimetanuka, tukaona mjusi.

Sijawahi kulenga vizuri namna ile maishani mwangu. Vidole vya yule mjusi ungeweza kuvihesabu. Aligeuza kichwa, akatulia, kisha akamnyakua nondo.

"Baba Neema," akasema mke wangu kwa upole, "mwezi umekula mdudu."

Otieno aliketi chini kwenye saruji. Wengine walijaribu kujizuia kwa heshima yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kicheko kilichozuiwa na watu kumi na watatu kina sauti kama sufuria inayochemka.

Hapo ndipo akili ilipofika, imechelewa. Mwezi mpevu ulikuwa jana. Baada ya hapo, kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika hamsini. Hilo nalifundisha. Limo kwenye karatasi niliyowachapishia majirani, ukurasa wa kwanza, limepigiwa mstari. Kwa kawaida yetu, mkutano ukisogezwa siku moja, saa inabaki ile ile na maisha yanaendelea. Mwezi haumo kwenye grupu letu.

Nikalieleza hilo kwa sauti, na nadhani nilieleza vizuri, lakini hakuna aliyekuwa akiandika.

Mzee Njoroge hakucheka. Alitazama runinga, kisha simu yake, ambako pongezi zilikuwa bado zinaingia, kisha mimi.

"Picha yangu ni ya mwezi," akasema.

"Mzee, ulielekeza simu pale pale nilipoelekeza."

"Yangu ina mashimo. Yako ina mjusi. Aliyepiga taa ni wewe."

Nikazima runinga.

Mzee Njoroge akaenda kusimama kwenye ukuta wa mashariki, akatugeukia sote, akakohoa kile kikohozi chake cha mikutano. Nilijua kinachokuja. Auntie Dorcas naye alijua, maana alikunja mikono kifuani. Mimi nikapiga magoti chini ya meza ya runinga nikaanza kukunja waya, ili nisimwone usoni. Lenzi nilikuwa nimeshaifunika, nikaitia kwenye begi, nikafunga zipu.

"Wapangaji wenzangu," akaanza mwenyekiti, "kamati ilitoa nafasi kwa nia njema. Imetumiwa kutuonyesha wadudu wa watu wengine. Kwa hivyo kuanzia leo..."

Akanyamaza kidogo, kwa sababu watu walikuwa wakiinua simu. Kwanza mmoja, kisha watatu, kisha wote, zikimwelekea yeye. Mzee Njoroge hajawahi kupigwa picha akihutubia. Alifunga kifungo cha juu cha koti. Aliinua kidevu.

Nyuma yake, begani mwa lile jengo jipya, mwezi ulikuwa unachomoza. Wa kweli. Wenye rangi ya papai lililoiva, mkubwa, hauna waya.

"Kuanzia leo," akarudia, safari hii kwa sauti ya redio, huku akiinua kidole juu, "kufuli..."

"Mwenyekiti," akasema Auntie Dorcas. "Simama hivyo hivyo. Usishushe mkono."

Akasimama hivyo hivyo. Auntie Dorcas alikwenda hadi mwisho wa paa, akaegemeza viwiko kwenye ukuta wa tangi la maji. Akagusa mwezi kwenye kioo. Akavuta mwanga chini, chini zaidi ya mtu anavyodhani. Akaweka sekunde mbili, akazuia pumzi.

Mimi wakati huo nilikuwa napigana na zipu ya begi. Nilipoifungua, zipu ikakamata kitambaa cha lenzi. Nilipokitoa kitambaa, mwezi ulikuwa umeingia kwenye wingu. (Wingu la kweli. Nilitaka kulisema, nikaona ninyamaze.)

Picha ya Auntie Dorcas ikapita mkono kwa mkono. Simu yake ni ndogo, ina ufa pembeni. Lakini pale ndani alikuwamo mtu mweusi tii aliyevaa koti refu, ameinua kidole angani, na juu ya ncha ya kidole hicho mwezi umekaa kama chungwa, madoa yake yote yanaonekana.

"Mzee," akasema Otieno, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania, "unaonekana kama wewe ndiye uliuweka."

Mzee Njoroge aliishika simu ile kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu sana. Alikuwa amegeuka, akaona mwanga kwenye kingo za wingu, akaelewa zile simu zilikuwa zikipiga picha ya nini. Wala hakuonekana kujali.

"Hii nani amekufundisha?"

"Huyu mwalimu."

"Huyu wa mjusi?"

"Ndiyo. Anafundisha vizuri. Kuona ndio shida."

Mwenyekiti akaomba atumiwe. Kabla hatujamaliza kushusha runinga, ilikuwa imeshakuwa picha ya grupu la wapangaji. Paa limefunguliwa kwa wote, kufuli ni la usiku tu, ameandika, kwa heshima ya vipaji vilivyomo jengoni. Lakini ufunguo hautakaa kwangu mimi mwalimu, wala kwa askari wa lango. Utakaa kwa mtu anayeujua mwezi.

Nilimwona Auntie Dorcas akiupokea. Aliufunga kwenye ncha ya leso yake, kisha akapima ukuta kwa hatua, kutoka kwenye tangi hadi mlangoni, akihesabu kwa sauti kamba ngapi zitaenea.

Nimengoja mpaka majirani wameshuka, nikamfuata kwenye ngazi. Nikamweleza kwamba kesho mwezi utachomoza kama saa mbili na dakika kumi, nimehesabu mara tatu, na kwamba ningeomba ufunguo kidogo, nusu saa tu.

"Unaenda kufanya nini huko juu?"

"Kupiga picha ya mwezi."

Akanitazama kwa ule uvumilivu ambao mimi hutumia kwa mwanafunzi anayekaribia jibu.

"Mwezi gani, mwalimu?"

Nimeshuka na begi langu. Nanyi kama mnanipenda, msimjibu kwa niaba yangu.